Nusu ya Ndizi

Siku wakwe walipokuja kwetu Wamagana nilishinda jikoni, roho mkononi. Msichana anayechumbiwa hakai na wageni sebuleni. Anafichwa huko nyuma na akina mama, anapewa kisu amenye viazi ambavyo vimekwisha kumenywa, na anangoja kuitwa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye miaka ishirini na minne, niliyezoea kunyamazisha darasa zima kwa jicho moja. Jicho hilo siku hiyo lilikuwa limegandamana na ufa wa mlango.

Nilimwona Kingori. Alikuwa ameketi katikati ya wazee wake, ndani ya koti la kijivu ambalo halikuwa lake, maana mikono yake ilikwisha mapema na kuacha vifundo vyote nje. Ile sura niliyokuwa nikiilalia na kuamka nayo tangu Aprili ilikuwa imekonda. Aligeuza uso kuelekea mlango wa jikoni kana kwamba alijua nipo, macho yetu yakakutana, naye akayatoa macho na kutikisa kichwa kidogo. Mimi, mjinga wa mapenzi, nikafikiri ananiambia ananipenda. Nikatabasamu peke yangu kwenye ufa.

"Toka hapo!" Tata Watiri, dada yake baba, akanivuta sketi. "Utammaliza kijana wa watu kwa macho, na bado hata hatujapokea mbuzi."

"Tata, wale hawatachinjwa, sivyo?"

"Ngendo, nimekwambia na nimekwambia tena. Ile ni mwati na harika. Kondoo mchanga na mbuzi mchanga, hawajazaa. Hao wanachinjwa na nani? Hao ni wewe! Ni alama kwamba umeshikwa, una mwenyewe." Akanitazama kwa huruma, akacheka. "Haki huyu mtoto tulimzaa aje?"

Wamagana nzima ilijiuliza swali hilo. Walikuwa wamenipa jina, Mwalimu wa Tumbili, na hata watoto wa darasa la kwanza walilijua. Ilikuwa mwaka wa sabini na nane, na huko Timau, ng'ambo ya mashamba ya ngano, palikuwa na nyumba ndefu ya mabati ambamo tumbili walionaswa porini walifungiwa, wakisubiri kupelekwa ng'ambo kujaribiwa dawa. Nilipojua, sikulala. Nilisimama mbele ya akina mama wa kanisa nikawaeleza, wakanisikiliza kwa adabu kisha wakaniuliza kama ninajua nyani wanafanya nini kwenye mahindi. Nilijua. Mama yangu mwenyewe alikuwa akivaa suruali na koti la baba akienda kulinda shamba, kwa sababu nyani hawamwogopi mwanamke hata akirusha mawe. Lakini kumfukuza mnyama shambani ni jambo moja, na kumfunga kwenye kasha umchome sindano mpaka afe ni jambo lingine. Hivyo likizo ya Aprili ilipofika, nilichukua kipande cha boksi, nikaandika MUNGU HAKUUMBA TUMBILI WA SINDANO, nikapanda basi hadi Timau, nikasimama kwenye lango lao peke yangu.

Mvua ilinyesha. Nilisimama. Wino wa lile boksi ulinichuruzika mikononi. Ndipo kijana mmoja mrefu akatoka ndani na gunia, amelikunja pembe kama wafanyakazi wa shamba wanavyojifunika, akanipitishia juu ya lango.

"Dada, utapata homa ya mapafu."

"Na wale mmefungia huko ndani, wao hawapati homa?"

"Wao wako chini ya mabati."

"Basi nifungulie, niingie chini ya mabati na wao."

Alicheka. Sikutaka acheke vizuri vile. Kesho yake nilirudi na kulikuta gunia limetundikwa langoni, kavu, likinisubiri. Tuligombana kupitia lango hilo likizo nzima. Yeye ndiye aliyekuwa akiwalisha wale tumbili. Alisema wanaokoa watoto wa watu, mimi nikasema watoto wa nani na kwa nini sabuni nazo zijaribiwe kwenye macho ya sungura. Akanimenyea chungwa. Mapenzi yana mahali pa ajabu pa kuota. Aliponiambia anataka kuwaleta wazee kwetu, nilimjibu wazi, "Siwezi kushikwa na mkono unaofunga makasha. Acha ile kazi kwanza." Akaapa kwamba ataiacha kabla wazee wake hawajafunga safari. Kisha habari ikafika kwamba wazee wanakuja Jumamosi. Unadhani nilielewa nini? Nilishona nguo mpya.

Sasa huko sebuleni maombi yalikuwa yamekwisha, na msemaji wao akasimama. Alikuwa Mzee Moffat, baba mkubwa wake Kingori, aliyemlea tangu babake alipofariki. Alikuwa na kofia ya manyoya na sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Kwa desturi yetu anayeoa hafungui mdomo. Anakaa kimya kama mzigo ulioletwa, na wazee ndio wanaomsifu.

"Sisi hatukuleta mtoto wa kuokota njiani," Mzee Moffat alianza. "Huyu kijana yetu ameshika kazi ya maana huko Timau. Ile nyumba ya tumbili wanaoenda kwa madaktari ng'ambo, mnaijua? Mimi mwenyewe nilimwombea hiyo kazi. Na sasa wazungu wamemfanya mkubwa wa hiyo nyumba! Funguo yote iko kwake!"

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Baba yangu, Mzee Hezekiah, akapiga goti lake kwa furaha.

"Hapo umesema! Mwambie akuje achukue na hawa nyani wangu wa hapa, hata mbuzi sitataka!"

Kicheko kilijaa nyumba. Mimi kisu kiliniponyoka kikaanguka ndani ya maji ya viazi. Nikamtazama Kingori kupitia ufa ili akatae hata kwa uso. Alikuwa ameinamisha kichwa. Niliumia, sitaki kudanganya.

"Ngendo! Unaitwa," mama akasema, akanirekebishia kitambaa kichwani.

Niliingia. Tata Watiri alinifuata na kibuyu cha uji kilicholetwa na wageni, kwa sababu sisi ni watu wa kanisa na mahali pa pombe tunaweka uji. Akanimiminia kwenye kata, akanipa mikononi. Baba akasafisha koo.

"Ngendo, binti yangu. Hawa watu wamesema wanajulikana hapa. Unawajua? Tunywe uji yao?"

Kinachotakiwa ni kidogo sana. Msichana anasema ndiyo, ananywa funda moja, anampa baba yake, na kata inazunguka wazee wote. Nilimtazama Kingori. Safari hii yeye ndiye hakuweza kuniangalia.

"Baba," nikasema, "nilifikiri nawajua. Lakini hawa watu siwajui."

Nikaweka kata mezani, nikapita katikati ya magoti ya wazee, nikatoka nje.

Sikufika mbali. Nyuma ya ghala la mahindi ndipo nilipokuwa nikilia tangu utotoni, miguu ikanipeleka huko yenyewe. Nilisikia nyumba ikivuma kama mzinga uliopigwa teke, kisha nikasikia viatu vikikimbia.

"Ngendo."

"Mkubwa wa nyumba ya tumbili! Hongera. Funguo umekuja nazo, ama umewaachia wazungu?"

"Nimewarudishia."

"Nimesikia kwa masikio yangu, Kingori. Umepandishwa cheo!"

"Walitaka kunipandisha, nikakataa. Ngendo, niliacha kazi. Ni wiki imepita. Baba mkubwa alisikia habari ya cheo tu, ya kuacha hajui."

Nilimgeukia. Alikuwa anahema, na ule mkono mfupi wa koti ulikuwa umechanika kwenye mshono.

"Nataka ukweli, na sitaki ule wa kunibembeleza."

"Nitakwambia." Akakaa chini kwenye nyasi mbichi, na koti la watu mwilini. "Kulikuwa na mmoja, jike, mzee kidogo. Kila asubuhi nikimpa ndizi, anaivunja, anakula nusu, nusu ananirudishia kwa waya. Mara ya kwanza nilifikiri amekosea. Kesho yake tena. Nikikataa, anaishika tu hivi, mkono nje, mpaka nichukue. Wiki jana bosi akanipa karatasi ya cheo, akasema, lakini kwanza funga wale wa ndege ya leo. Na yeye alikuwa kati yao. Nikaenda na kasha. Akanyoosha mkono nje, akifikiri nimeleta ndizi."

Kule ndani sauti ya Mzee Moffat ilikuwa ikiuliza kama huku kwetu wasichana hawafundishwi.

"Nimekula chakula yake, Ngendo. Ukishakula na mtu, unamuuza aje? Nikaweka kasha chini. Nikaweka na funguo."

"Na yeye? Yuko wapi sasa?"

"Alienda. Mwingine alimfunga." Akanitazama usoni. "Sikuokoa hata mmoja. Usinifanye shujaa. Nilichoweza ni kutoa mkono yangu kwa hiyo kazi tu."

Nililia basi. Nilimlilia yule jike ambaye sikuwahi kumwona. Nilikuwa pia nalia kwa kutua mzigo, nikitaka kumkumbatia na kumpiga makofi kwa wakati mmoja. Hasira haikuwa imekwisha.

"Mbona hukusema pale ndani?"

"Ningesema aje? Anayeoa hafungui mdomo. Nilijaribu kukutingishia kichwa, ukanichekea!"

"Na njiani? Kutoka Timau mpaka Wamagana, mdomo yako ilikuwa imefungwa na nani?"

Akang'oa jani la nyasi, akalikunja, akalikunjua.

"Niliogopa. Baba mkubwa atasema nimemtupa. Na baba yako, atampa mwalimu kwa mtu hana kazi? Nilifikiri wapokee kwanza, halafu pole pole..."

"Mficha uchi hazai, Kingori."

"Najua."

"Baba yangu anampokea mtu ambaye hayuko. Ukinyamaza, unanipoteza mimi. Ukisema, labda unampoteza baba yangu."

"Na akikataa?"

"Basi atakuwa amekukataa wewe mwenyewe. Nitalia, lakini nitajua ninamlilia nani."

Alisimama. Akaninyooshea mkono ili aniinue, nami nikautazama ule mkono kwa muda kabla ya kuushika. Ulikuwa na joto. Hatukusema kitu kingine, tukarudi ndani, yeye mbele na mimi nyuma yake, na mimi sikurudi jikoni. Nilisimama mlangoni, watu waone wapendavyo.

"Wazee," Kingori akasema, "naomba ruhusa niseme neno."

"Keti!" Mzee Moffat akanguruma. "Tangu lini fahali akajisemea bei yake sokoni?"

"Baba mkubwa, nisamehe. Lakini umewaambia hawa watu kitu haiko, na wewe huna makosa kwa sababu sikukwambia. Mimi si mkubwa wa nyumba ya tumbili. Niliacha hiyo kazi. Sina kazi ingine. Kama mnanipokea, mnipokee hivyo."

Akawaeleza yote, mbele ya wazee wa pande zote mbili, habari ya ndizi na mkono uliokuwa ukitoka kwenye waya. Hakujipamba.

Mzee Moffat aliinuka taratibu. Uso ulikuwa umemshuka.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema. "Nilikushika mkono nikakuombea hiyo kazi, na umeitupa sababu ya tumbili. Ya tumbili!" Akachukua fimbo yake. "Hezekiah, utatusamehe. Fungueni hiyo kondoo na mbuzi. Twendeni nyumbani."

Mmoja wao akatoka nje. Kupitia mlango nilimwona akiinama kwenye kigingi, anahangaika na fundo la kamba, na nikajua kwamba kamba ile ikifunguka na wale wawili wakivuka lango letu, hakuna mzee atakayerudi tena kwa ajili yangu. Nilimtazama baba. Baba alikuwa anatazama chini.

"Ngoja," baba akasema.

Yule wa kamba akasimama.

"Kijana. Ati huyo tumbili alikuwa anakurudishia nusu?"

"Ndiyo, baba."

"Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Hata siku mmemletea kidogo?"

"Hata hiyo siku."

"Na wewe, ulikuwa unakula?"

Kingori akaona haya. Akakuna kichwa, akatazama wazee, akanitazama mimi.

"Nilikuwa nakula, baba. Alikuwa ananiangalia mpaka nimalize."

Mtu mmoja akaangua kicheko pembeni, akajifanya anakohoa. Baba hakucheka. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hesabu na ikatoka sawa.

"Basi ungemfunga aje," akasema.

"Hezekiah!" Mzee Moffat akashangaa. "Na wewe ndiye unachukia nyani kuliko watu wote wa Wamagana!"

"Nyani hajawahi kunipa nusu ya mahindi. Amechukua yote."

Hapo Tata Watiri akashindwa kujizuia. Wanawake hawaongei kwenye kikao kile, lakini siku hiyo desturi ilikuwa imeshakanyagwa na kila mtu.

"Mwache Hezekiah, mzee," akamwambia Moffat kutoka nyuma yangu. "Unamwona hivyo? Huko nyuma yuko na ng'ombe kipofu. Haina maziwa, haina ndama, haina meno. Kila Krismasi wachinjaji wa Wamagana wanakuja, anawafukuza na fimbo. Ati ndiyo ilisomesha Ngendo!"

Nyumba ikacheka. Baba akatazama dari akijifanya hakusikia. Nilimpenda baba yangu siku ile kuliko siku zote. Nilikuwa nimepigana na kila mtu kwa ajili ya wanyama, nikafikiri nimeota tu mwenyewe kama uyoga.

"Moffat, ndugu yangu, keti," baba akasema. "Hakuna aliyekuvua nguo. Ulimsifu mtoto kwa vile ulijua. Sasa tumejua zaidi. Kazi ni kitu ya kutafuta, na mimi naona hapa mtu ako na mikono." Kisha akakaza uso. "Lakini kijana amefungua mdomo mahali pa wazee. Hiyo iko na faini."

"Iko!" wazee wakaitikia kwa pamoja, wakafurahi kupata tena kitu wanachokijua.

"Faini yake ni hii. Mahindi yangu ya kando ya msitu yanakomaa. Atakaa huko mpaka yavunwe. Mama Ngendo amechoka kuvaa suruali yangu."

"Nitakaa, baba," Kingori akasema haraka.

"Bila mtego," nikasema mimi kutoka mlangoni.

"Bila mtego," baba akakubali, akipumua kama mtu anayebeba msalaba. "Atakaa tu na awaangalie vibaya. Moffat, unasemaje?"

Mzee Moffat alikuwa bado amesimama na fimbo yake. Alimtazama Kingori, akaona koti lililochanika, nadhani lilikuwa la mzee mwenyewe, na kitu fulani usoni pake kikalegea.

"Ulikula mabaki ya tumbili, mtoto wa ndugu yangu?"

"Haikuwa mabaki, baba mkubwa. Alikuwa ananigawia."

Mzee akashusha pumzi, akarudi kwenye kiti. "Mwambie huyo wa nje afunge kamba vizuri," akasema.

Kigingi kikapigwa upya. Nikasikia mbuzi mdogo akilalamika, kisha akanyamaza. Tata Watiri akaniletea ile kata kutoka mezani. Uji ulikuwa umepoa na kufanya ngozi juu. Baba akasafisha koo, na safari hii sauti yake ilikuwa na maji ndani.

"Ngendo, binti yangu. Nauliza tena, na sitauliza mara ya tatu. Hawa watu unawajua?"

Kingori hakuinamisha kichwa. Alinitazama mbele ya baba yangu, mbele ya baba yake mkubwa na mbele ya wazee wote, macho yake yamejaa hofu na mapenzi bila kuficha chochote. Nilikuwa nimengoja niangaliwe hivyo tangu ile mvua ya Aprili.

"Nawajua, baba," nikasema. "Mnywe."

Nikainua kata. Desturi inataka funda moja tu, hiyo narudia, funda moja la adabu, kisha umpe baba yako. Nilikunywa funda moja. Ulikuwa uji wa wimbi, mchachu, baridi, na sijawahi kuonja kitu kitamu hivyo. Nikanywa la pili. Nilisikia Tata Watiri akininong'oneza, "Wachia wazee, wewe!" lakini koo lilikuwa limefunguka na halikutaka kufungwa. Nilikunywa huku machozi yakinitiririka hadi kidevuni, nikanywa mpaka kata ikanifunika uso, ndipo nikampa baba.

Baba akaipokea kwa mikono miwili. Akachungulia ndani. Akampitishia Mzee Moffat, naye akachungulia, akaigeuza juu chini mbele ya wazee wote, na hakuna tone lililoanguka.

"Hezekiah," akasema, "hii tumejibiwa mpaka chini."